Haibridi ya mtumba Dar: taa imewaka, uanzie wapi?

Naendesha Toyota Aqua ya mwaka 2013, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme, kutoka Kinyerezi hadi Posta na kurudi, siku sita kwa wiki, na huu ni mwaka wa tano. Kwa sababu hiyo majirani, ndugu na watu wa kazini hunitumia picha za dashibodi iliyojaa taa, na swali ni lilelile: "Hapa betri kubwa imekufa?" Wanamaanisha ile inayoipa mota umeme, si betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Mara nyingi jibu ni hapana. Nimeona watu wakiuza gari kwa bei ya kutupa, au wakitoa mamilioni kununua betri, na kumbe tatizo lilikuwa betri ndogo, fani (feni ya kupoozea betri) iliyojaa vumbi au kulanti (maji maalumu ya kupoozea) iliyokauka. Nimeona na kinyume chake: mtu anaendelea kukanyaga mafuta huku gari linamwomba asimame.

Nimepanga maelezo kwa dalili, jinsi watu wanavyozisimulia wenyewe. Nazungumzia zaidi Aqua, Prius 20 (zilizotoka 2003 hadi 2009) na Prius 30 (2009 hadi 2015), kwa kuwa hizo ndizo nilizozishika kwa mikono yangu. Haibridi nyingine zina mantiki ileile, ila vipimo vinatofautiana.

Kabla hujagusa chochote

Nyaya nene za rangi ya chungwa, na kila kitu zinakoelekea, si zako. Betri kubwa ya Aqua ina volti 144, ya Prius volti 201.6, na inveta, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, huukuza umeme huo hadi volti 500 kwenye Prius 20, 520 kwenye Aqua na 650 kwenye Prius 30. Soketi ya ukutani nyumbani kwako ni volti 230 tu. Hata gari likizimwa, ndani ya inveta hubaki umeme uliohifadhiwa. Fundi anayejua kazi huchomoa kwanza plagi ya usalama ya betri kubwa akiwa na glavu za mpira za volti 1,000, kisha husubiri angalau dakika kumi na kupima kabla ya kushika. Ukimwona fundi anafungua betri hiyo kwa mikono mitupu huku anaongea na simu, chukua ufunguo wako uondoke.

Jambo la pili: haibridi inaweza kuwa imewaka na isitoe sauti yoyote. Neno READY likiwa kwenye dashibodi, injini inaweza kujiwasha wakati mkono wako uko karibu na fani. Weka P, zima, na ufunguo uuweke mbali na gari.

Nunua vitu viwili: kipima volti cha kawaida, na kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani kusoma namba za hitilafu kwenye simu. Programu ya Dr. Prius inasoma hadi volti za betri kubwa kipande kwa kipande. Na kama skrini yako bado ina maandishi ya Kijapani, piga picha onyo linapotokea, kabla hujazima. Simu itakutafsiria, na fundi atakuwa na pa kuanzia.

"Nabonyeza kitufe, taa zinawaka, READY haiji"

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na ndiyo inayowatajirisha mafundi wasio waaminifu. Yangu ilinitokea asubuhi ya Jumatatu. Taa zote zikawaka kwa wakati mmoja, kisha zikafifia, relei zikawa zinagonga tak-tak-tak. Fundi aliyekuja akatazama dashibodi, hakupima kitu, akaniambia, "Bosi, hapa betri kubwa imeondoka. Andaa milioni mbili na nusu." Nikamwomba anipe nusu saa. Nikapima betri ndogo: volti 10.8. Kifaa cha kufuatilia gari nilichofungiwa miezi miwili kabla kilikuwa kinainyonya usiku kucha. Betri ndogo mpya, kifaa kikafungwa upya, na gari linatembea hadi leo.

Ni lazima uelewe kazi ya betri ndogo. Haizungushi injini, kwa hiyo haikupi onyo la gari kuwaka kwa kusuasua kama ulivyozoea kwenye gari la kawaida kama IST. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa. Ikichoka, kompyuta huamka nusu nusu na kuanza kutoa lawama kila upande: breki, usukani, mfumo wa haibridi. Dashibodi yenye taa sita kwa mpigo huwa inanipeleka kwenye betri ndogo kwanza.

Anza na visivyo na gharama. Umekanyaga breki kwa nguvu? Gia iko P? Betri ya ufunguo je? Kama ufunguo umekufa, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Kwenye Prius 20 uchomeke kwenye tundu lake. Mlango nao usikutie hofu, kwa sababu ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma.

Halafu pima. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ndogo nzima husoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.0 imeisha. Kwenye Prius betri hiyo iko kwenye buti upande wa kulia, na buti lenyewe hufunguka kwa umeme, kwa hiyo ikifa kabisa unajikuta umefungiwa nje ya betri unayoitafuta. Usivunje kitu. Chini ya boneti, ndani ya boksi la fyuzi, kuna nguzo ya chanya yenye kifuniko chekundu iliyowekwa kwa ajili ya kubusti, yaani kuazima umeme wa betri nyingine. Waya wa chanya ufunge hapo, wa hasi ufunge kwenye chuma kitupu cha injini. Kwenye Aqua betri ndogo iko nyuma, eneo la siti ya abiria.

Kugeuza nyaya za kubusti kwenye haibridi ni kosa la sekunde moja linaloweza kuunguza fyuzi kuu na kifaa kinachochaji betri ndogo. Angalia alama mara mbili. Na haibridi yako usiitumie kubusti Fuso la jirani, hata akikubembeleza vipi.

Ikishakuja READY, pima tena. Unapaswa kuona kati ya 13.5 na 14.8. Ukiona 12 na ushei wakati gari liko READY, betri ndogo haichajiwi, na hapo kazi imevuka uwezo wa mwenye gari. Ukiona 14 lakini asubuhi imekufa tena, ama betri imezeeka ama kuna kitu kinainyonya. Watuhumiwa wa Dar nawafahamu: kifaa cha kufuatilia, alamu ya kuongezea, redio kubwa ya skrini, kamera ya mbele. Fundi umeme mwenye subira ataunganisha kipimo mfululizo na betri, atasubiri kompyuta zilale, kisha atachomoa fyuzi moja moja. Gari lililolala lisile zaidi ya miliampea 50 hivi.

Unaponunua betri ndogo, usikubali betri ya maji ya kawaida kwa sababu tu imetoshea. Inakaa ndani ya chumba mnachopumulia. Iwe ya kufungwa, yenye mrija wa kutolea gesi nje, na mrija huo urudishiwe. Nimekuta magari mengi ambayo mrija umeachwa unaning'inia.

"Kipimo cha betri kinapanda na kushuka kama bembea"

Hapa sasa tunaigusa betri kubwa. Katika hali ya kawaida mistari ya kipimo hukaa katikati, mara mitatu, mara sita kati ya minane. Kompyuta imepangwa hivyo makusudi, kwa hiyo betri isiyojaa hadi juu haina ugonjwa. Ugonjwa ni pale kipimo kinapotoka mistari saba hadi miwili kabla hujafika mataa ya pili, kisha kikajaa tena ghafla, huku fani ya nyuma inavuma kama feni ya saluni. Baadaye inakuja pembetatu yenye alama ya mshangao, na kifaa cha kusomea kinaonyesha namba ya hitilafu P0A80.

Kwa gari lenye zaidi ya miaka kumi, namba hiyo kwa kawaida inamaanisha baadhi ya moduli, vile vipande vinavyounda betri kubwa, zimechoka kweli. Lakini zimechoshwa na nini? Joto. Betri hii hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na fani kupitia tundu lililo pembeni mwa siti ya nyuma, au chini ya siti hiyo kwenye Aqua. Dar tuna mambo matatu yanayoliziba tundu hilo: vumbi la barabara zisizo na lami, kuanzia Goba na Madale hadi huku kwetu, mizigo ya sokoni inayowekwa nyuma, na makava ya viti. Makava ndiyo yanayoniuma zaidi. Mtu ananunua gari zuri, kesho yake anashona kava nene linalofunika tundu lote, na betri inaanza kupikwa taratibu bila mtu kujua.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia pesa, toa kava, fungua kichujio cha tundu, kipige brashi au kisafishe kwa hewa. Fani yenyewe ikihitaji kufunguliwa, mpe fundi, maana kwa baadhi ya modeli unakuwa karibu mno na nyaya za chungwa. Baada ya usafi, endesha siku mbili ukiwa na kifaa cha kusomea na uangalie joto la betri.

Sababu ya pili inayosahaulika ni kutu. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli hushika ukungu wa kijani au mweusi, hasa magari yanayolala Kigamboni, Mbezi Beach au popote penye upepo wa chumvi. Kipimo kinasoma vibaya, na kompyuta inadhani moduli imekufa. Kusafisha vipande hivyo ni kazi ndogo kwa gharama, lakini ni kazi ya fundi wa haibridi peke yake, kwa kuwa lazima betri ifunguliwe.

Zikibaki moduli, elewa hesabu yake. Prius 20 na 30 zina moduli 28 za volti 7.2, zinazosomwa kwa jozi 14. Aqua ina moduli 20. Kila moduli ina seli sita za volti 1.2. Ukikanyaga mafuta na jozi moja ikashuka zaidi ya volti moja chini ya wenzake, seli mojawapo imekufa. Hiyo ni hesabu ambayo mwenye gari yeyote anaweza kuiona kwenye simu yake, na ninakuomba uione kabla hujalipa mtu.

Kubadilisha moduli moja iliyokufa na kuweka ya mtumba ni kiraka. Moduli zote zimezeeka pamoja. Ukiondoa iliyo dhaifu kuliko zote, inayofuata inashika zamu yake, pengine baada ya miezi michache. Sikatai kiraka kwa mtu anayehitaji gari lipeleke watoto shule mwezi huu. Ila ajue anachonunua. Kiraka cha maana ni kile ambacho fundi amechaji na kupima uwezo wa moduli zote, akalinganisha, akakuonyesha namba. Betri nzima ya mtumba kutoka gari jingine la umri uleule nayo ni bahati nasibu, hata kama imesafishwa ikang'aa. Kama gari lina injini nzuri na unapanga kukaa nalo miaka, moduli mpya ndizo zinazotulia. Kwa njia yoyote utakayochagua, dai vipimo vya jozi zote kabla na baada, na dhamana iandikwe kwenye risiti.

Foleni nayo ina neno. Madereva wengi tuliozoea otomatiki huweka N pale Tazara au Buguruni ili kupumzisha mguu. Kwenye haibridi, gari likiwa N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inanguruma. AC inaendelea kuila, na baada ya dakika kadhaa onyo linatokea. Baki D ukiwa umekanyaga breki, au weka P. Ukisafiri kwenda kwenu kwa wiki kadhaa, mwachie mtu ufunguo aliweke gari READY nusu saa kila baada ya wiki mbili. Jua la saa nane nalo likwepe: kupaki chini ya mwarobaini kunaisaidia betri kuliko dawa yoyote ya dukani.

Simama mara moja ukisikia harufu kali ya kemikali kutoka nyuma, au ukiona moshi. Shusheni watu wote, msifungue buti, piga Zimamoto 114.

"Likipata joto linakosa nguvu, likipoa linapona"

Gari linakwenda vizuri asubuhi, lakini jioni kwenye foleni ya Mandela linapoteza nguvu na pembetatu inawaka. Ukipumzika nusu saa, linarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Namba ni P0A93. Hapa tatizo ni upoaji wa inveta, ambayo ina mzunguko wake wa kulanti na pampu yake ndogo ya umeme, mbali na ya injini. Watu wengi hujaza kopo la injini na hawajui kuna la pili.

Gari likiwa baridi, tazama kopo la inveta. Kulanti iwe kati ya alama mbili. Likiwa READY, mulika tochi ndani ya kopo: kulanti inapaswa kuonekana ikitibuka kwa mwendo, ishara kwamba pampu inasukuma. Ikiwa imetulia tuli kama maji ya mtungi, pampu imekufa. Pampu ya Prius 20 ina historia: mwaka 2012 Toyota iliyaita magari hayo duniani kote kwa ajili yake. Aliyenunua gari lililoingia nchini kama mtumba hana uhakika kama kazi hiyo ilifanyika.

Sababu nyingine ni rejeta iliyozibwa na matope, na hewa iliyobaki ndani baada ya kazi iliyofanywa haraka. Na maji. Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi, na kuyamimina humo ni kuotesha kutu ndani ya kifaa cha bei kuliko vyote chini ya boneti. Tumia kulanti ya waridi inayokubalika na Toyota, na usifungue kifuniko gari likiwa moto. Kuendelea kuendesha huku taa hii inajirudia kunaweza kuua inveta, na hapo tutakuwa tumetoka kwenye pampu tukaingia kwenye msiba.

"Asubuhi injini inatikisika kama ina homa"

Linawaka, linatikisika sekunde tano hadi ishirini, kisha linatulia. Huenda ni plagi zilizopitiliza umri wake au koili moja inayokufa. Hayo ni mepesi, na mashine itaonyesha silinda gani inakosa moto. Badilisha koili mahali pake na ya silinda jirani: kosa likihama nayo, umempata mkosaji.

Kwenye Prius 30, lakini, dalili hii usiichukulie kirahisi. Njia inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini, pamoja na kipoozeo chake, huziba kwa masizi. Joto ndani ya silinda linapanda, na gaskiti ya silinda hedi huanza kupitisha kulanti kidogo kidogo usiku gari likiwa limelala. Asubuhi unaiunguza ile kulanti, ndiyo mtikisiko. Weka alama ya kalamu kwenye kopo la kulanti ya injini na uitazame kwa wiki mbili. Ikishuka na hakuna tone chini ya gari, acha kuliendesha, lipeleke kwa fundi apime mgandamizo na achungulie silinda kwa kamera. Ikiwa haishuki, safisha njia hiyo ya moshi na manifoldi ya hewa sasa, kabla gaskiti haijafika huko. Ni kazi ya siku moja ambayo wachache huifanya, na ambayo ningeifanyia Prius 30 yoyote niliyoinunua jana.

"Breki zinanguruma"

Ukifungua mlango wa dereva na kusikia mlio wa zzzz kwa sekunde chache, huo ni mfumo unajenga presha. Ni afya. Tatizo ni mlio unaojirudia kila baada ya sekunde chache bila wewe kukanyaga, au usiokoma kabisa, huku taa za ABS na breki zinawaka. Mashine ikisoma C1256 au C1391, presha inavuja ndani ya pampu ya breki. Usiliendeshe gari hilo hadi gereji, hata kama ni mtaa wa pili. Ita gari la kubeba.

Kubadilisha pedi ni kazi ya kawaida ila kuna mtego: mfumo unaweza kujisukuma wenyewe mtu akifungua mlango, na vidole vya fundi vikiwa kwenye kaliper. Betri ndogo itolewe waya kwanza. Na kutoa hewa kwenye breki hizi kwa mtindo wa "kanyaga, shikilia" hakutoshi, panahitajika mashine.

"AC haipoozi"

Angalia kichujio nyuma ya sanduku la dashibodi. Mara nyingi utakuta kimekuwa bustani. Kisha angalia fani za mbele.

Ikiwa ni gesi, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo magari mazima yanapoharibiwa kwa shilingi chache. Kompresa ya haibridi hizi huendeshwa na umeme wa betri kubwa, haina mkanda. Oili yake ni ya pekee, ND-11, isiyopitisha umeme. Fundi wa barabarani akikujazia gesi kwa kopo lenye oili ya PAG ya magari ya kawaida, oili hiyo hupunguza kinga ya umeme ndani ya kompresa, na baada ya muda inakuja P0AA6: umeme mkubwa unavuja kuelekea bodi ya gari. Muulize kabla hajafungua mashine yake: "Kaka, oili gani iko humo? Mashine umeisafisha?" Asipokuwa na jibu, mshukuru, nenda kwa mwingine. P0AA6 ikishatokea, usijaribu chochote mwenyewe, na ujue kwamba ukilizima huenda lisikubali tena kuja READY.

"Linakula mafuta kuliko nilivyoambiwa"

Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilitangazwa Japani kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo chao cha maabara. Mimi kwenye foleni zetu na AC napata 19 hadi 21, na nimeridhika. Ukipata 12, anza na upepo wa matairi kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Gusa rimu baada ya safari uone kama mojawapo ni moto kuliko wenzake, maana breki inayoshika inakula mafuta kimyakimya. Kisha uliza oili gani iko kwenye injini. Magari haya yametengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-20, na injini inazima na kuwaka mara mamia kwa siku. 20W-50 nzito aliyokuwekea mtu kwa hoja kwamba "nchi yetu ina joto" inalitesa kila linapowaka. Betri kubwa iliyochoka nayo huongeza ulaji, ila hiyo utakuwa umeshaiona kwenye namba.

Ile tabia ya kuweka mafuta ya elfu kumi kila siku iwe na mpaka. Petroli ikiisha kabisa, gari litasogea kidogo kwa betri na utajiona mjanja. Usiendelee. Betri kubwa ikikauka haitakuwa na nguvu za kuwasha injini hata ukileta dumu, na itahitaji chaja maalumu ambayo gereji nyingi hazina. Simama, weka mafuta ya kutosha, ndipo uwashe.

Maji

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo msimu wa simu za huzuni. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma, karibu kabisa na sakafu. Kina kinachovukwa na Noah bila wasiwasi kinaweza kuifikia.

Maji yakishaingia ndani hadi kulowesha zulia, usiwashe hata kama linaonekana liko sawa. Usibusti. Usichomoe chochote cha rangi ya chungwa, na usikubali vijana walisukume huku gari liko READY. Zima, toka, ufunguo uende nao mbali. Fundi wa haibridi aikaushe betri kubwa na kuipima kinga ya umeme kabla ya jaribio lolote. Maji yakiwa ya chumvi, mwambie mapema.

Na linapovutwa, magurudumu ya mbele yasiguse ardhi. Yakizunguka, mota nayo inazunguka na kuzalisha umeme ndani ya mfumo uliolowa. Lipakiwe mzima mzima juu ya gari la kubeba, au linyanyuliwe mbele. Kamba ya kufunga nyuma ya daladala haifai hapa, hata kwa mita mia. Barabara ya Jangwani ikifungwa kwa mafuriko, rudi ulikotoka. Usifuate gari la mbele yako kwenye vichochoro vya Kigogo kutafuta pa kukatizia bonde.